Ombi la Kuisogeza Saa Sita Mchana Siku za Jumapili

Kwa Bi Solange Peyrichoux,
Meya wa Vaubriac.

Mheshimiwa Bi Meya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeshakula, maana ni kazi bure kumweleza Mfaransa jambo lolote kabla hajala.

Mimi ni Aldert Hoekzema, yule Mholanzi mrefu wa nyumba ya juu ya kisima. Nina miaka tisa hapa, na yote tisa nimekuwa mwanachama wa Chama cha Watembea kwa Miguu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mpima ardhi, kwa hiyo nikisema kilomita nne, sikisii. Ni kilomita nne kutoka uwanja wa kijiji hadi kanisa dogo la mlimani, lile ninaloliona kila asubuhi nikiosha vyombo. Nyumba hii niliinunua kwa sababu ya dirisha hilo. Kila Jumapili chama kinatoka kwenda huko, na hakijafika hata mara moja. Nina miaka sabini na mmoja, magoti yameanza kulalamika, nami nataka kulifikia kanisa lile kabla hayajagoma. Hiyo ndiyo shida yangu yote. Malalamiko ni haya:

1. Salamu. Tunakutana saa tatu kamili. Tuko kumi na wanne, na hapa kila mtu humbusu mwenzake mashavuni mara tatu. Nimepiga hesabu: mabusu mia mbili sabini na matatu kabla ya hatua ya kwanza. Akichelewa mmoja, waliokwisha kubusiana hubusiana upya, asije akajiona kabaguliwa. Saa nne na robo bado tuko uwanjani, mashavu yamelowa.

2. Uyoga. Kila mwezi wa kumi Bwana Lucien Barthas hubaki nyuma kufunga kamba za viatu, daima penye misonobari ile ile. Akitufikia, kapu limejaa. Ukimuuliza kaupata wapi, anajibu, "Aa, huko huko tu, mzee wangu, si tulikuwa pamoja?" Nimevichunguza viatu vyake. Havina kamba. Na wakati wote huo sisi tunamsubiri tumempa mgongo, kwani hapa kuchungulia mahali pa uyoga wa mtu ni kosa kubwa kuliko kumchungulia mkewe.

3. La tatu nimelisahau kwa hasira. Lilihusu mbwa.

4. Chakula. Saa sita ikigonga, hakuna mguu unaosogea tena. Bibi Colette Vidalenc, mwenye miaka themanini, hubeba mgongoni chungu cha maharage na nyama ya bata, pamoja na glasi kumi na nne za kioo, maana anasema mvinyo kwenye kikombe cha plastiki ni dawa ya kikohozi. Ramani hakuna aliyeibeba. Jumapili yangu ya kwanza nilitoa mkate wangu wenye kipande cha jibini nikaula nimesimama. "Masikini," akasema Bibi Colette, "nani kakufanyia hivi?" Wakanikalisha. Tuliinuka saa kumi, nao wakaniliwaza: "Kanisa Jumapili ijayo, bwana. Kwani linakimbia?"

Halikimbii. Sisi ndio tunaolikimbia. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukila kilomita mbili na nusu kutoka kijijini. Mwaka huu ni moja na robo. Kwa mwendo huu, baada ya miaka minane tutakula mlangoni mwa ofisi yako, na mwaka wa tisa tutakuwa tumeshiba kabla ya kutoka kitandani.

5. Saa. Hapa nakiri kosa. Mwezi wa nne nilipanda mnara nikairudisha saa ya kijiji nyuma kwa dakika tisini. Tukatembea vizuri sana. Ilipofika saa sita ya kweli, kengele ikiwa kimya, Bwana Lucien alisimama ghafla, akajishika tumbo, akatazama bondeni. "Jamani," akasema, "saa ya kijiji imeharibika." Wote wakaketi. Kesho yake ukamwita fundi, naye akaja baada ya kula.

Utaniuliza kwa nini nisiende peke yangu. Kanuni ya pili ya chama inasema hakuna kumtangulia mwenzako, nami ni mtu wa kanuni, ukiacha ile saa.

Hivyo naomba moja kati ya mawili. Ama utie sahihi amri kwamba siku za Jumapili, ndani ya mipaka ya Vaubriac, saa sita mchana itaanza saa tisa. Ama kanisa livunjwe, lijengwe upya pale tunapokula. Mawe nitayatia namba mwenyewe. Ukichagua hili la pili, fanya haraka, maana mahali penyewe panasogea.

Nisalimie mumeo Bwana Peyrichoux, pamoja na karani wako mwenye mafua, na wote wa ofisini waliokwisha kuinuka mezani.

Nabaki kwako kwa heshima na njaa,
Aldert Hoekzema

Nyongeza: Jana Jumapili, kabla sijaifunga bahasha, nilivunja kanuni. Niliwaacha wanabusiana nikapanda peke yangu. Dakika hamsini na nane tu! Kanisa limefungwa kwa kufuli. Nikakaa kizingitini nikala mkate wangu kwa dakika sita. Jibini lilikuwa tamu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo, wala wa kunibishia. Nikakaa pale saa nzima na zaidi, mpweke kama mjinga. Hatimaye saa sita ikagonga, na huko chini nikaona wanatandika kitambaa cheupe. Nikawahesabu kwa darubini yangu ya kazi: kumi na watatu, na katikati yao wameacha nafasi. Nilishuka mbio, na magoti haya haya. Bibi Colette hakuniuliza nilikotoka. Alisema tu, "Kaa, kinapoa."

Kwa hiyo, Bi Meya, kama amri umeshaiandika, usiichane. Badilisha neno moja tu: pale palipoandikwa saa tisa, weka saa tano.