Bwawani kwa Mkono wa Kulia

Jumatano, 4 Juni

Leo mke wangu katoa tamko. Baiskeli iliyokaa sebuleni tangu mwaka jana, ambayo yeye huianikia mataulo, ikifika Jumapili bila kutembea inahamia kwa kaka yake. Kaka yake! Yule shemeji mwalimu wa michezo, mwenye miguu iliyotuna kama mikate! Nikasema hiyo baiskeli ni roho yangu. Akauliza mbona roho yenyewe ina utando wa buibui. Nikaupangusa kwa mkono wa shati. Mtu mzima hajibu kila kitu.

Lakini hasira hasara. Wakati wa kula nikatangaza: Jumamosi nakwenda bwawani, kule milimani, peke yangu, kwa baiskeli, na kurudi siku hiyohiyo. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Basi imeshatoka. Mdomo umeponza kichwa.

Humu sidanganyi: naipenda. Kila nikitoka asubuhi naipigia kengele kidogo. Ikienda kwa Shemeji nitaumwa.

Alhamisi, 5 Juni

Akili ni nywele, na mimi nina kichaka! Pale dukani kwetu tunapouza mabati na misumari kuna dereva wa lori. Jumamosi anapeleka mabati huko huko milimani. Tumeelewana. Nitatoka mjini nikikanyaga pedali, majirani wote wakiniona. Nikishavuka daraja nitamsubiri, anipakie mimi na chombo, anishushe karibu na bwawa. Kurudi, hivyohivyo. Nani atajua?

Bosi nimemwambia Jumamosi nang'oa jino. Kanipa pole. Mtu mzuri sana, bosi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimejaribu kukaa kwenye siti. Jiwe! Nimetoa sponji ndani ya mto wa kochi, nikaishona kwenye bukta. Mto nimeujaza soksi. Nilipojitazama kwenye kioo, kwa nyuma nilikuwa kama nimebeba mtoto akateleza. Potelea mbali. Barabara za shamba hazina watu.

Jioni Shemeji kapita. Kaitazama baiskeli kwa macho, kisha kwa futi. Kwa futi! Ati anataka tu kujua kama itaenea stoo kwa mama yao, anakoishi. Nikamkaribisha chai kwa meno ya mbele.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Nilitoka vizuri. Majirani wakapunga mikono. Nikavuka daraja, nikasubiri. Lori likaja. Nikapunga mkono. Halafu nikaona nani kakaa mbele na dereva: bosi! Nikajitupa mtaroni, mimi na baiskeli na jino langu la uongo. Lori likapita. Dereva alipiga honi mara moja, ya rambirambi.

Kurudi nyumbani? Ng'o! Mke wangu angeshika ukuta tena. Nikapanda, nikaenda.

Na sasa niseme jambo la ajabu. Nilifurahi! Barabara nyeupe ya vumbi, mahindi huku na huku, na hakuna sauti ila cheni yangu inayolalamika. Ng'ombe walinitazama kwa heshima. Kwenye mteremko mmoja niliachia breki nikapiga kelele za furaha, mtu mzima na masharubu yangu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa peke yangu hivyo bila mtu wa kunicheka.

Njia panda ikanishinda. Kulikuwa na mama anapalilia. Nikamwamkia, nikamwuliza njia ya bwawani. Akasema nishike mkono wa kulia. Nikamwuliza tena, maana upepo ulikuwa mwingi. Akapaza sauti kwamba ni mkono ule unaolia chakula, baba, usije ukapotea!

Mimi tangu utotoni nalia chakula kwa kushoto. Nikashika kushoto.

Mlima baada ya mlima. Bwawa hakuna. Maji ya chupa yakaisha. Sponji ikahamia upande mmoja. Kumbe ule mkono ni wa kulia kweli, maana kwenye mlima wa mwisho nililia. Nikaona nyumba, nikasukuma baiskeli hadi uani kwa mlango wa nyuma, nikapiga hodi niombe maji.

Akatoka mama mkwe!

Huwa tunakwenda kwake kwa basi, barabara kuu, mlango wa mbele. Ningejuaje? Nikabaki nimesimama mbele ya mkwe na bukta ya kubana. Akatazama ile sponji, akashtuka, akaniuliza jipu hilo limenianza lini, na akaingia ndani kuchemsha maji ya kulikanda. Stooni nikamwona Shemeji na fagio. Alikuwa anaandaa nafasi ya baiskeli yangu!

Mama mkwe aliporudi nikamwambia nimekuja kumsalimia tu. Kwa baiskeli? Na jipu? Akatokwa machozi. Akasema katika watoto na wakwe wote hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Akampigia simu binti yake palepale, akaamuru baiskeli ya mkwe wake asiiguse mtu. Shemeji akaweka fagio chini.

Nimerudi kwa basi, baiskeli juu. Nikashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, nikamalizia kwa pedali. Majirani wamepiga makofi.

Jumapili, 8 Juni

Baiskeli ni yangu! Mke wangu kauliza inakuwaje mtu anakwenda bwawani, kaskazini, anatokea kwa mama yake, magharibi. Nikasema mapenzi hayana dira. Kacheka, lakini mataulo kayatoa mwenyewe. Nikahisi kifua kimejaa.

Shida ni kwamba kifua kilikuwa bado kimejaa Shemeji alipoingia. Akasema kwa mama si bwawani. Akasema mimi bwawani sifiki hata nikibebwa. Mbele ya mke wangu! Nikasimama. Nikamwambia Jumamosi ijayo tushindane, yeye aazime baiskeli shuleni kwake, na atakayetangulia kufika bwawani anaichukua hii moja kwa moja. Tukapeana mikono kabla mke wangu hajanifikia.

Amenywea ghafla, shemeji yangu. Akauliza kwa unyonge kama naijua njia, maana yeye bwawani hajawahi kufika. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anifuate mimi.