Mungu na Dunia Watengwa Rasmi Zahle

Wananchi wa Zahle, hapa Lebanon, tunatangaziwa kwamba, kwa faida yetu wenyewe, Mungu na dunia sasa vimetenganishwa rasmi. Utekelezaji unaanzia kwenye kwaya ya chuo kikuu chetu. Ni uamuzi wa busara kabisa, maana ni lazima uanze na watu wasiobeba silaha.

Kwaya ilikuwa imerekodi albamu moja. Ndani yake nyimbo za Pasaka na za Bikira Maria zilikaa bega kwa bega na nyimbo za harusi na za kuanika zabibu. Idara ya Kutenga Sauti, kutoka Beirut, ikasema mchanganyiko huo haugongwi muhuri, na kisicho na muhuri kinafutwa.

“Wakifuta, basi,” Mwalimu Hiyam, kiongozi wa kwaya, aliniambia huku akijifuta kamasi. “Kiangazi kikiisha watoto wanapanda ndege, huyu Montreal, yule Abidjan. Sauti hizi sitazikusanya tena, Mama Tannous.”

Kweli. Kwetu anayepanda ndege hurudi na mvi, au hurudi picha.

Iliundwa Kamati. Kila dhehebu la nchi hii lilipata mjumbe, hata yale yasiyo na kwaya. Ilipogundulika kwamba hakuna mwanamke wala asiye na shahada, niliteuliwa mimi, nikajaza mapengo yote mawili kwa kiti kimoja. Serikali inajua kubana matumizi.

Kazi ilikuwa ngumu. Kijana wetu hawezi kumtazama msichana bila kumwita Mola, hivyo kila wimbo wa mapenzi ulikuwa na sala ndani yake. Nao wimbo wa Bikira ulisifu macho na shingo mpaka mjumbe mmoja akazinduka usingizini akauliza kama binti huyo ameshaposwa.

Nikainua mkono. “Mheshimiwa Mkurugenzi, vipimo vya nje vya nini? Sikio lako si ndilo sikio la dola?”

Bwana Raif, Mkurugenzi Mkuu wa Idara, akanyoosha tai. “Endelea, Mama.”

“Ukilia, wimbo ni mtakatifu. Ukitikisika, ni wa dunia.”

“Ni kanuni ya kisayansi,” akasema. Ikaandikwa, ikagongwa. Akaongeza ya kwake: wimbo mtakatifu ni marufuku palipo na araki, kileo cha zabibu ambacho ni fahari ya mji wetu.

Wakapiga wimbo wa Pasaka. Kwanza kilicheza kidole cha Mkurugenzi, kikafuata kisigino, mabega yakamalizia. “Wa dunia,” katibu akaandika. Wakapiga wimbo wa dabke, ngoma yetu ya kukanyaga kwa mstari. Bwana Raif akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Marehemu mama yake alikuwa akiuimba juani akianika zabibu. “Mtakatifu,” katibu akaandika. Na zilizobaki zikaenda hivyo hivyo, kichwa chini miguu juu.

“Umeniua, Mama Tannous!” Mwalimu Hiyam alinirukia mlangoni. “Sasa albamu imekatwa, tena imekatwa vibaya!”

“Tulia, mwanangu. Huyu bwana Jumamosi anaozesha.”

Harusi ilikuwa mkahawani, kando ya mto Bardawni. Kwaya iliombwa kutumbuiza, na albamu nilikuwa nayo mkobani. Bibi harusi alipoingia, baba mtu akapiga kelele: “Ule wa mama yangu! Haya, jamani!”

Kwaya ikatazama mezani.

“Samahani, Mheshimiwa,” akasema Mwalimu Hiyam. “Ule ni mtakatifu, na hapa pana araki.”

“Basi imbeni wa dunia!”

“Wa dunia tulio nao ni wa kaburi tupu.”

“Raif!” mkewe akamaka. “Mwanangu aingie ukumbini kwa kaburi?”

“Ondoeni araki!” akaamuru.

Alisema hayo Zahle. Vijiko vilisimama hewani. Baba wa bwana harusi akasimama taratibu, akamwambia mwanawe, “Vaa koti, baba. Twende nyumbani.”

“Amri imefutwa!” Bwana Raif akapaza sauti. “Yote!”

“Kwa mdomo?” nikauliza. “Mheshimiwa, tangu lini serikali ikasema? Serikali hugonga.”

Mtu kama yule haachi muhuri nyumbani hata akienda kuoga. Akautoa kotini, akaupuliza wino, akaigonga albamu nzima mbele ya wakwe, juu ya mabaki ya kibe, vile vitonge vyetu vya nyama na ngano.

Kwaya ikaimba. Mkurugenzi akashika mkono wa kwanza kwenye mstari wa dabke, akakanyaga hadi sahani zikaruka, na machozi yakimtiririka mpaka kwenye tai.

Wajumbe wa Kamati, waliokuwa meza moja, wakaingiwa na wasiwasi. Analia, tena anatikisika; hawezi kuruhusiwa hadharani akiwa amechanganyika hivyo. Wengi wakapendekeza atengwe.

Mimi nilipinga. Nilisema tumwache atoke mzima, kama albamu.