Droni Ndani ya Begi la Mwalimu

Jumanne, 1 Julai 2025

Siku tatu tu! Ijumaa alfajiri mimi na Mwalimu Erasto tunaondoka kwa baiskeli kwenda Msumbiji, hadi Nampula. Leo tumepanga mizigo sebuleni kwangu, Magomeni ya huku kusini, karibu na mpaka. Kamera mbili, lenzi tatu, betri, stendi. Halafu nikatoa droni.

Erasto akashika kiuno. Akasema droni haivuki mpaka bila kibali, tena ng'ambo hakujatulia. Askari akiiona angani hataniuliza kama napiga picha za harusi. Nikasema sawa. Nikairudisha kabatini. Nilikubali haraka mno. Angenijua vizuri, angeshtuka.

Jumatano, 2 Julai

Nimeulizia kibali. Wiki sita! Na Waziri, mpiga picha wa mtaa wa pili, ametundika dukani picha ya ufukwe wa Msimbati kutoka juu, kubwa kama mlango. Harusi zote zinamfuata yeye. Mimi napiga za paspoti. Nikiupata mdomo wa mto Ruvuma kutoka angani, Waziri atahama mji.

Nimewaza. Mpakani wanapekua nani? Mpiga picha. Nani hapekuliwi? Mwalimu wa hisabati mwenye miwani.

Alhamisi, 3 Julai

Erasto ameniachia mabegi yake niyafunge kwenye keria, yeye akaenda kuwaaga wakwe. Dakika kumi zilitosha. Ndani ya begi la kushoto, droni chini kabisa, juu yake tyubu za akiba, kisha koti la mvua. Ili uzito usizidi, nimetoa korosho alizokaangiwa na mkewe, Irene. Nimezila. Kuficha ushahidi.

Nimekunywa maji glasi tatu. Nadhani ni chumvi.

Ijumaa, 4 Julai

Ya leo naandika kwa shida.

Barabara ya Mahurunga, Erasto analalamika baiskeli inamvuta kushoto. Nikamwambia ni upepo. Kwenye kizuizi askari akamwamkia, kumbe Erasto alimfundisha. Tukapita! Nikajiona nina akili za ajabu.

Tukafika Kilambo, kwenye kivuko. Afande, mama mmoja mpole, akafungua mabegi yangu yote, hadi soksi. Nikatabasamu. Kisha akamwomba mwalimu afungue lake la kushoto.

Koti. Tyubu. Droni.

Akauliza begi ni la nani. Erasto akasema ni lake. Na hiki? Akasema hakijui. Akarudia mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Wakamwingiza ofisini.

Nikakaa kwenye benchi nje. Nikajiambia atajieleza. Ajieleze nini, naye hajui kitu? Boti ikajaa, ikaondoka. Ikaja nyingine. Nilisikia wakimuuliza anampigia nani picha za mpaka. Nilijaribu kusimama. Nikaishia kufunga upya kamba za viatu.

Saa nane Irene akapiga simu. Tumevuka? Nikasema bado kidogo. Akaniomba nimkumbushe mumewe dawa ya presha, maana akiwa na wasiwasi husahau. Akasema ana amani kwa kuwa mwenzake ni mimi.

Nikaingia. "Afande, hiyo droni ni yangu. Mwalimu hajui lolote."

Afande akaniuliza kwa nini nimekaa nje saa mbili nzima. Erasto akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Asadi," akasema, "ungeniacha humu mpaka saa ngapi?"

Jumapili, 6 Julai

Niko nyumbani. Droni imebaki kwao, maelezo nimeandika kurasa nne, na nimeambiwa nisubiri kuitwa. Erasto alivuka jana asubuhi, peke yake. Leo ametuma ujumbe: yuko salama, amenisamehe, nisimfuate.

Nimelia. Kweli nimelia. Nimeapa: mzigo wangu sitautia tena kwenye begi la mtu, maisha yangu yote.

Alasiri dada yangu Sabra akaja kuniaga. Alhamisi anavuka kwa daraja la Mtambaswala kwenda harusini. Ana beseni kubwa la vyombo vya bi harusi, limefungwa kanga mbili mpya. Nikamuuliza kama wana mpiga picha huko. Akasema hawana.

Kuna jamaa mtaa wa Shangani, hapa hapa mjini, anaazimisha droni. Ndogo kabisa, inajikunja.

Nimelipima beseni kwa macho. Kati ya sufuria na birika pana nafasi. Na nani atafungua beseni la bi harusi?

Halafu, beseni si begi.