Malalamiko Dhidi ya Sista Anayeuponya Mguu Wangu Bila Kunishauri

Kwa Bibi Msimamizi wa Wauguzi wa Majumbani,
Zahanati ya mtaa wetu.

Mheshimiwa Bibi Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe pamoja na wote walio chini yako. Mmoja wao, hata hivyo, ana bidii iliyopita kiasi, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Tangazo mlilobandika kwenye mlango wa zahanati linasema mgonjwa asiyeridhika na muuguzi anayemtembelea nyumbani aandike, na malalamiko yakithibitika muuguzi huyo atahamishiwa mtaa mwingine. Mimi ni fundi cherehani, mwenye kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia, na siridhiki. Naandika nikiwa nimelala chali, mguu uko juu ya mito, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima usidhani nimelewa. Ni amri ya huyo huyo Sista ninayemlalamikia.

Kwa ufupi, niligonga mguu kwenye chuma cha pedali ya cherehani. Kijeraha kidogo, cha kuchekwa. Kikakataa kupona, kikapanuka, na ngozi ya pembeni ikawa nyeusi, kavu, yenye kuwasha. Hospitali kubwa daktari alitamka neno "kukata". Nilipomwuliza kukata nini, akatazama chini ya meza, na chini ya meza hapakuwa na kitu ila mguu wangu. Nilitoka pale kwa kasi isiyomfaa mgonjwa. Ndipo mkatuletea Sista, na shida zangu zikaanza kama ifuatavyo:

1. Amewavunjia heshima majirani. Kabla yake, kila mtu mtaani alikuwa na mchango wake katika kidonda hiki. Mwenye bucha alileta unga wa kahawa. Mama mkwe alileta dawa ya meno, akisema inapoza. Mzee Spea, yule muuza vipuri vya magari, alileta grisi na kuipaka kwa mkono wake mwenyewe. Mimi pia sikukaa bure, nilisagia juu yake chaki ya kuchorea nguo. Siku ya kwanza Sista alifunua, akanusa, akaniuliza, "Baba, hiki ni kidonda au duka la jumla?" Akaosha mguu wote kwa maji ya uvuguvugu kwenye ndoo, taratibu, kama anayeosha mtoto mchanga, akapiga marufuku michango yote. Tangu hapo Mzee Spea akipita hanisalimii. Anasema grisi yake imeponya malori, sembuse mimi.

2. Ameniondolea muwasho. Amenikataza sabuni ya manukato, akanipa mafuta ya mgando yasiyonukia chochote, nipake kuanzia goti kushuka chini. Nang'aa kama meza ya mwalimu mkuu. Zamani jioni zangu zilikuwa na shughuli: nilichukua rula ya mbao nikajikuna, na mke wangu akiniambia jambo nilikuwa na sababu ya kutosikia. Sasa mikono yangu haina kazi, nalazimika kumsikiliza. Hali hii inatuchosha sote wawili.

3. Amedharau taaluma yangu. Kwanza aliweka juu ya mguu kidude kinachovuma kama upepo dirishani, akatega sikio, akasema damu inafika vizuri, tunaweza kubana. Kisha akatoa bandeji yenye michoro ya visanduku virefu. Ukiivuta sawasawa, alinieleza, visanduku hugeuka vya mraba. Hapo ndipo imebana inavyotakiwa, kutoka vidoleni hadi chini ya goti. Bibi Msimamizi, mimi ni mtu wa kueleweshwa habari za kuvuta kitambaa?

Siku moja ikanikaba. Nikaifungua. Nilipoitazama nikaona kazi haijamalizika: ncha zinatoka nyuzi, na kuizungusha kila mara ni kupoteza muda. Nikaipiga pindo, nikaishona iwe soksi ndefu, na kwa kumhurumia Sista nikaweka zipu ubavuni.

Alipokuja aliinama, akaigusa zipu kwa kidole kimoja.

"Baba, nani ameweka zipu?"

"Mimi."

"Zipu ya nini?"

"Ya kuingilia, Sista. Na ya kutokea."

Alicheka mpaka akakalia kopo la vifungo. Mke wangu naye akacheka, mama mkwe akaitwa kutoka jikoni aje acheke pia. Halafu Sista akafungua zipu, na kicheko kikakatika. Mguu ulikuwa umevimba kama mkate uliozidi hamira, na kidonda kilikuwa kimelowa upya. Akanyanyua macho. "Baba, ukitaka kubaki na mguu huu, cherehani yako ishone nguo za watu. Mguu niachie mimi." Bibi, mimi nimevalisha mabwana harusi wasiohesabika, na sijawahi kuambiwa maneno kama hayo ndani ya nyumba yangu.

4. Amenifanya mota. Nilipougua, mke wangu alikalia cherehani badala yangu, mimi nikakalia ugonjwa. Mpango ulikuwa mzuri. Sista akasema kifundo cha mguu lazima kichezechezwe, ili shavu la mguu lisukume damu kwenda juu. Akaangaza chumba kizima, macho yakatua kwenye pedali. "Hii anakanyaga nani?" Tangu siku hiyo, wakati mguu hauko kwenye mito uko kwenye pedali. Mimi nakaa pembeni kwenye kigoda na kukanyaga, mke wangu anakaa mbele na kuongoza kitambaa. "Kanyaga. Simama. Nimekwambia simama! Nani kakutuma uongeze mwendo, unakimbilia wapi na mguu wenyewe huo?" Juzi shangazi wa bibi harusi mmoja aliuliza kama mashine yetu ni ya umeme. Mke wangu akamjibu, "Hapana, ni ya mume." Kinachouma zaidi ni kwamba mishono imenyooka kuliko nilipokuwa nashona peke yangu, na wateja wameanza kuagiza "ile kazi ya wawili".

5. Ameninyang'anya heshima ya ugonjwa. Mgonjwa ana haki zake. Kwenye misiba nilikuwa napewa kiti chenye mto. Kwenye mikutano ya mtaa nilisamehewa, na mkutano wenyewe ukinitumia salamu. Mtungi wa gesi sikuubeba. Sista, mbele ya familia yangu yote, alitangaza: "Anaweza kutembea. Tena atembee." Mpaka leo sijui alikuwa anatibu nani. Sasa natumwa dukani, narudi, natumwa tena kwa sababu nimesahau chumvi.

6. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: kidonda kinapungua. Kilikuwa sawa na kifungo cha koti. Kikawa kifungo cha shati. Wiki hii ni kifungo cha gauni la kitoto kichanga, kile ambacho kikianguka sakafuni hukioni mpaka ukikanyage. Hakuna aliyeniuliza. Kikifunga, Sista hatakuwa na sababu ya kuja tena, na naomba uangalie kwa jicho la kiutawala hasara itakayotokea. Siku zake nyumba hii inajaa. Mama mkwe anavaa gauni la kutokea, kisha analipandisha mikono ili Sista amwangalie ukurutu kwenye viwiko. Mwenye bucha anakuja kuonyesha vidole vyake vilivyochubuka kwa maji ya barafu. Hata Mzee Spea, asiyenisalimia, anajitokeza na visigino vilivyopasuka, anasema "napita tu," anapita hadi kitini na kuvua viatu. Chai inachemka, watu wanataniana, na mimi katikati yao na mguu wangu ndani ya ndoo, kama mfalme.

Tena, niseme ukweli kwa kuwa hii ni barua rasmi: anapoushika mguu huu silikumbuki lile neno la daktari. Akiondoka nalikumbuka.

Kutokana na hayo, hoja yangu iko wazi. Kidonda kikipona, Sista ataondoka. Ili asiondoke, kisipone. Lakini akiwepo, kitapona tu, huyu simwezi. Kwa hiyo njia pekee ya kuepuka kuondokewa na Sista ni kumwondoa Sista. Naomba ahamishwe mara moja, kabla hajamaliza, na mahali pake mtuletee muuguzi mvivu kiasi, msahaulifu, mwenye kuvutiwa na zipu, atakayetutunzia kidonda hiki kwa miaka mingi ijayo.

Nisalimie wauguzi wote, dereva wenu, na yule dada wa dirisha la dawa ambaye huniita "babu" ilhali mvi zangu zinahesabika. Mke wangu anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu, na anauliza kama yale mafuta ya viwiko yapo kwenye kopo kubwa zaidi. Mzee Spea hajui kwamba nakuandikia, lakini naye msalimie.

Ni mimi, mgonjwa wako mtiifu kwa shingo upande,

Fundi Cherehani.

Baada ya sahihi: Bibi Msimamizi, nilikuwa nimeshafunga bahasha Sista akabisha hodi. Sikuwa na pa kuificha, nikaikalia. Alifungua bandeji, akaosha, akainama karibu kabisa, akakikagua mpaka jasho likanitoka. Kisha akamwita mke wangu: "Mama, njoo uone. Kimefunga." Mke wangu akainama, mama mkwe akainama, na mimi mwenye mguu ndiye wa mwisho kupata nafasi ya kuuona. Kuna ngozi pale. Nyembamba, inang'aa, ya kwangu. Nilisema vumbi la vitambaa limeniingia machoni, na hakuna aliyebisha.

Alipokuwa ananipima kwa ajili ya soksi ya kubana (isiyo na zipu, alisisitiza), alisema amesikia kuna mtu wa mtaa huu anaandika barua ili ahamishwe. "Sawa tu, Baba," akasema. "Wakinihamisha, angalau huu nimeumaliza." Akaweka vitu vyake kwenye begi. Mimi nimekalia bahasha, joto lake nalisikia mpaka sasa.

Kwa hiyo nimeifungua. Malalamiko yote sita ni ya kweli na sifuti hata moja. Nabadilisha adhabu tu: mtu huyu asihamishwe kamwe. Afungiwe mtaa huu huu, na viwiko, visigino na vidole vyetu, mpaka atakapostaafu. Barua hii situmi, nakuletea mwenyewe kesho asubuhi, kwa miguu, na nitasubiri mlangoni kwako hadi unijibu. Usihangaike kunitafutia kiti.