Ombi la Karatasi ya Kuchelewa kwa Treni Isiyochelewa

Mheshimiwa Mkuu wa Mafundi wa Handaki la Chini ya Bahari,

Pole na kazi. Mimi ni Narumi Tetsuhiko, muuza ngisi wakavu hapa Hakodate. Kwa heshima zote nawashitaki mafundi wako, maana uhodari wao umenivunjia nyumba.

Jumapili iliyopita, ng'ambo huko Aomori, ilikuwa ibada ya siku ya arobaini na tisa ya marehemu baba mkwe. Sikufika. Nilikuwa kwenye kamari ya gololi, mashine imeanza kutapika gololi za ushindi, na mtu mwenye akili haiachi mashine inayotapika. Nikampigia simu mama mkwe, nikamwambia treni imekwama chini ya bahari.

"Ikwame wapi, wewe?" akanijibu. "Marehemu kafanya kazi humo miaka thelathini! Haya, lete karatasi ya stesheni."

Ndiyo ile karatasi ya kuomba radhi, ambayo abiria hupewa treni ikichelewa hata dakika tano. Mke wangu Chizuru, aliyetangulia huko na mtoto, kaapa harudi mpaka aione. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipoiomba, karani alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Treni ilifika kwa wakati. Mwezi mzima zimefika kwa wakati! Huu ni ukatili.

2. Bahari nzima iko juu ya vichwa vyao, maji yanachuruzika kutwa kucha, nao wanayapiga pampu bila kuchoka. Nani kawatuma? Wangeyaacha yafike kwenye vifundo vya miguu tu, mimi ningekuwa na mke.

3. Kila fundi akikagua, huinyooshea kidole boliti na kutamka, "Boliti, sawa!" hata akiwa peke yake. Jamani, boliti imeshasikia! Marehemu alileta tabia hiyo mpaka nyumbani. Mlango, sawa! Jiko, sawa! Kidole kikinifikia mimi, ananyamaza.

4. Abiria wanapita humo wamelala, midomo wazi, bila hata kujua kuna mtu anawafanyia kazi. Asiyeshukuriwa ana haki ya kutegea. Hawa haki hiyo hawaitumii, wanatuaibisha sisi tunaoitumia.

Kwa hiyo naomba treni ya Jumapili ile ichelewe, walau kwa maandishi. Ikishindikana, nusu ya mafundi wapewe likizo, na watakaobaki wafungwe vidole.

Nisalimie wote kazini, hata wale wa pampu.

Wako mtiifu,
Narumi Tetsuhiko

Nyongeza: Chizuru kapiga simu sasa hivi. Anarudi Jumapili hii na mtoto, wala hakusema kama amenisamehe. Watapita humo humo chini. Nakuomba sana, mheshimiwa, barua hii ichane. Waite mafundi wote, hata walio likizo, kila boliti inyooshewe kidole mara mbili, na watamke kwa sauti! Treni hiyo ikichelewa hata dakika moja nitakuja mwenyewe, na hiyo karatasi yenu sitaitaka.