Vita Vyangu na Jiko la Sumaku

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Msaliti yumo ndani ya nyumba yangu. Mimi, muuza mkaa ninayejulikana mtaa mzima, nimerudi nikamkuta mke wangu anachemsha chai juu ya kioo cheusi. Hakuna moshi. Hakuna moto. Hakuna mkaa! Eti ni jiko la sumaku, zawadi ya kaka yake, fundi umeme, ambaye tangu siku ya posa hajawahi kunipenda. Nimesema chai hiyo siinywi. Nimekunywa vikombe viwili, kwa ajili ya uchunguzi tu.

Mke wangu anasema kifua chake kimechoka na moshi. Nimemkumbusha kuwa moshi huo ndio unaomlisha. Akajibu kuwa ndiyo maana akishiba anakohoa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mambo yameharibika. Mama Mkahawa, mteja ambaye bila yeye nafunga kibanda, amesikia habari za jiko. Atakuja kwetu Jumamosi kuliona kwa macho yake. Akilipenda, nimekwisha.

Nimezunguka mtaani nikitangaza kuwa jiko lile ni baridi, halina hata joto la kuotea mikono. Kinyozi akakubali kuwa aliwahi kugusa kioo cha jiko kama hilo kabla halijawekwa sufuria, na hakikumchoma. Nikafurahi. Akaongeza kuwa ndiyo maana anamtafutia mkewe moja, kwa kuwa watoto wao ni watundu. Sinyolewi tena kwake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemchunguza adui. Nimemwomba shemeji, kwa sauti ya asali, anieleze siri ya jiko. Masikini, alifurahi kweli.

Anasema chini ya kioo kuna waya wa shaba uliozungushwa duara ndani ya duara. Umeme unaopita humo hugeuza mwelekeo maelfu ya mara kila sekunde, na nguvu ya sumaku inayotoka kwenye waya hugeuka nao. Weka chuma juu yake, na nguvu hiyo inayobadilika-badilika inazusha umeme ndani ya chuma chenyewe. Umeme huo unazunguka humo kwa shida, na ile shida ndiyo joto. Kumbe jiko haliichomi sufuria. Sufuria inajichoma yenyewe. Akaweka karatasi kati ya kioo na sufuria. Maji yakachemka, karatasi haikuwaka. Nimejifanya sikushangaa.

Kisha akafungua mdomo kupita kiasi. Sufuria za alumini jiko hili halizitaki. Sumaku isiposhika kitako, jiko linawasha taa nyekundu na kugoma. Nikamshukuru mara tatu. Akaniangalia kwa wasiwasi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepima vyombo vyote vya jikoni kwa sumaku niliyoing'oa kwenye redio mbovu. Inashika viwili tu: sufuria kubwa na birika. Nimevizika katikati ya gunia la mkaa kibandani. Jikoni imebaki alumini tupu.

Mke wangu amevitafuta hadi uvunguni. Nimemsaidia kutafuta kwa moyo wote, na nimemshauri awaulize majirani.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nilianza siku vizuri. Alfajiri nilimpelekea Mama Mkahawa gunia la bure, la kumlainisha. Saa nne shemeji akaja amevaa tai. Akauliza sufuria ya chuma iko wapi, akaambiwa imepotea. Akajaribu ya alumini kwa kukata tamaa. Taa nyekundu. Majirani wakaangua kicheko. Nikasema kwa upole kuwa mkaa haujawahi kuiuliza sufuria ukoo wake.

Ndipo Mama Mkahawa akaingia amebeba sufuria yetu, nyeusi tii, na birika ndani yake. Akaniuliza mbele za watu kama siku hizi nauza mkaa wenye vyombo. Gunia la bure! Magunia yote yanafanana, mtu atajuaje?

Mke wangu aliipokea sufuria. Aliisugua, akatia maji, akaiweka kwenye kioo. Yalichemka kabla sijapata uongo wa maana. Mama Mkahawa ameagiza majiko mawili.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeumia. Kibanda kimejaa magunia na hakuna anayepita. Mke wangu alininunia mpaka jioni. Kisha akaniambia kuwa siku zile alizopikia jiko lile hakukohoa, na kwamba alitamani mume wake alione hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikaona aibu ya kweli, ile ya kuinamisha kichwa.

Amezungumza na kaka yake. Wanataka niuze sufuria za chuma palepale kibandani, kwa sababu kila anayenunua jiko atazihitaji. Kazi safi, haina masizi. Nimemwomba msamaha. Nimeapa kuwa mtu mpya.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mtu mpya amefikiri. Sufuria za chuma ni nzito na ghali. Za alumini ni rahisi, na mteja hupima kwa sumaku tu. Basi nimenunua za alumini. Kila kitako nakibandikia kipande kidogo cha bati, napaka rangi juu yake, sumaku inashika kama kupe. Nani atagundua?

Gundi hii ni kali kuliko nilivyoambiwa dukani. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeganda kwenye sufuria. Mke wangu amesimama mlangoni anauliza kulikoni. Nimemwambia nimeshikwa na sumaku. Ameenda kumwita kaka yake. Akifika, nitajaribu kumuuzia hii hii.