Ombi la Kibali cha Kufa kwa Kweli

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ukaguzi wa Filamu.

Ndugu Mwenyekiti,

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu na mgonjwa wa moyo. Naandika nikiwa kitandani, mito mitatu mgongoni. Samahani kwa mwandiko. Zamani nilikuwa nikiwakata wanafunzi alama kwa mwandiko kama huu.

Ninamlalamikia binti wa kaka yangu, mwongozaji wa filamu wa kujitegemea, ambaye nyumbani tunamwita Kata kwa kuwa ndilo neno analolipiga kelele zaidi akiwa kazini. Kamati yako inamfahamu, maana filamu zake zote zimepita mezani kwenu. Basi mimi ndiye yule bibi anayekufa.

Nimekufa katika kila filamu yake, tangu ile ya kwanza tuliyoitazama kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Nimekufa ngazini, sokoni, kwenye foleni ya benki, na mara moja katikati ya harusi, sahani mkononi. Sasa daktari amesema moyo wangu umechoka na hautafika mbali. Ningependa kufa mara moja kwa niaba yangu mwenyewe, na niaminiwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kata hana kampuni wala mfadhili, ana ukoo. Mumewe ndiye mpiga picha. Kaka yangu hushika maikrofoni iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio. Sebule yangu imeshakuwa hospitali, mahakama na kituo cha polisi, bila mimi kuulizwa. Wakianza kazi huzima friji ili isingurume kwenye sauti, na wakimaliza hakuna anayekumbuka kuiwasha. Nyama niliyoitupa kwa ajili ya sanaa ingetosha kulisha shule.

2. Filamu yake ya pili ilisimama katikati kwa sababu kamera ilikuwa ya kuazima na mwenyewe aliitaka. Nikaagizwa nisisuke nywele upya, nisinenepe, wala nisikonde hadi ipatikane nyingine, ili nifanane na bibi wa mwanzo. Nilikaa na mafundo yaleyale msimu mzima wa mvua. Mashoga zangu walidhani nimefiwa. Filamu ilipotoka wakadhani nimekufa.

3. Sijawahi kusifiwa. Mtu anaanguka sakafuni kwa umri huu, nyonga inalia, na mwongozaji wake hasemi hata asante. Kila nikifa, Kata hushika kichwa kwa mikono miwili, kisha humwuliza mumewe kama betri imebaki. Betri huwa haijabaki. Mtu mwenye shukrani hafanyi hivyo.

4. Magazeti yanamwita malkia wa majonzi. Huko nje kwenye tamasha alipewa tuzo ya kioo kwa “ujasiri wa kuyatazama mauti”, na tuzo hiyo leo inazuia mlango wa jikoni kwangu usijifunge na upepo. Mheshimiwa, huyu ni mtoto anayecheka mpaka kwikwi! Mwandishi mmoja alipomwuliza kwa nini bibi lazima afe katika kila filamu, alivuta pumzi ndefu akajibu, “Ni mambo ya kifamilia.” Jibu hilo lilinichoma.

5. Hakuna anayeniamini tena, na hapa ndipo penye uzito. Nilipokwenda zahanati, daktari aliniangalia weee, akasema, “Mama, si wewe uliyekufa sokoni?” Akamwita muuguzi aje anione. Ndipo akanipima, akaacha kucheka. Niliporudi nyumbani nikamweleza mdogo wangu, ambaye ninaishi naye tangu sote tulipofiwa na waume zetu. Akaniambia, “Haya, lakini usiifanye ndefu kama ile ya benki.” Wiki iliyopita nikazimia mezani. Yeye akaendelea kula. Nilipozinduka nilimkuta akichungulia nyuma ya pazia, akiuliza, “Kata mwenyewe amejificha wapi?” Kisha akanishauri kwamba ile ya ngazini ilikuwa bora, ile alilia kweli.

6. Maneno yote mazuri ya kuagia nimeshayatumia. Nimeshasamehe watu, nimeshabariki wajukuu nisio nao, nimeshasema “Naona mwanga.” Nikitafuta jipya la kusema siku yenyewe, kilichobaki kichwani ni “Zimeni taa ya jikoni.”

Kwa hiyo ninaiomba kamati yako tukufu imzuie Kata kuniua tena, kwa barua. Pia inipatie kibali chenye muhuri kinachosomeka “HII SI FILAMU”, herufi kubwa, nikitundike juu ya kitanda ili mdogo wangu akione kabla hajaenda kuchungulia pazia. Ikiwezekana, mjumbe mmoja wa kamati awepo siku hiyo kuthibitisha. Tutampa kiti kizuri. Na kwa kuwa kazi yenu ni kupanga madaraja, naomba kifo changu kipangiwe daraja la watazamaji wa umri wote; nakusudia kufa bila matusi.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote, kwa katibu wako aliyenijibu kwa upole kwenye simu, kwa mlinzi wa getini, na kwa yule fundi anayewasha mashine na kulazimika kuniona nikianguka kila mara. Mwambie asinililie. Au alie kidogo.

Nikiwa hai hadi ninapotia sahihi,

Shangazi yake Kata

Tanbihi:

Nimeisoma tena barua hii, na mtu aliye njiani kama mimi hapaswi kusafiri na uongo mfukoni. Ndugu Mwenyekiti, hakuna hata mswada mmoja wa Kata ambamo mimi ninakufa. Mtoto aliandika vichekesho, vyote. Ngazini nilitakiwa nipande nikaazime kiberiti. Benki nilitakiwa nigombane na mtu aliyeruka foleni. Harusini nilitakiwa niombe kuongezewa chakula. Lakini kamera ikinigeukia nilikuwa nawaza: nikipita tu na kuondoka, nani atanikumbuka? Basi naanguka. Na kwa kuwa betri ndiyo hiyo ya mwisho, au jua limeshazama, hapakuwa na kurudia. Kata akaenda kuiandika upya hadithi nzima ili iweze kubeba maiti yangu. Miaka yote hiyo hakunisema kwa mtu, hata alipoulizwa na magazeti.

Jana alikuja, akaketi ukingoni mwa kitanda. Filamu yake mpya imebakiza kipande kimoja: bibi anaamka, anafungua dirisha, anakunywa chai, anacheka. Basi. Akanishika mkono, akasema, “Shangazi, nakuomba. Safari hii ishi.”

Ndipo nilipojua kwamba daktari ameshazungumza naye, na kwamba yeye ameniamini.

Nimekubali. Tangu asubuhi nafanya mazoezi, na si kazi ndogo: chai inamwagika, dirisha ni zito. Mdogo wangu alinikuta nimesimama na kikombe, nikicheka peke yangu, akauliza nafanya nini. Nikamwambia naishi. Alinitazama juu hadi chini, akasema natia chumvi.

Kamera inakuja Jumamosi. Kibali changu kikiwa tayari kabla ya hapo, tafadhali kishikilieni kwanza. Jumamosi nina kazi.